Mama Aligeuza Kiti

Nilimwambia mama mara moja tu, tukiwa jikoni tunachambua mchicha: mtoto wangu habatizwi mpaka mdogo wangu awepo wa kumshika. Yeye ndiye mama wa ubatizo. Nilimchagua kabla hata tumbo halijaonekana, na sibadilishi mawazo kwa sababu ya kundi la WhatsApp.

Mama hakuinua macho. "Basi mtoto wako atakua bila kubatizwa."

"Basi atakua."

"Utamfanya mpagani kwa ukaidi wako."

"Ukaidi nimeutoa kwa nani, mama?"

Akanirushia shina la mchicha. Hapo ndipo tulipokuwa tumefika, joto la Houston likiwa limepamba moto, ndani ya nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Gulfton: mimi, mume wangu, mama, na mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajaanza, lakini kila mtu wa jumuiya ananiuliza kila Jumapili, "Huyu malaika mtambatiza lini?" Mwulizeni bibi yake, nilikuwa nataka kuwajibu. Mwulizeni yeye.

Mdogo wangu ni mchekeshaji. Mchana anapakia maboksi kwenye ghala huko Dallas, anaishi DeSoto, na jioni anapanda jukwaani kuchekesha watu kwa Kiingereza. Tena anapenda wanawake. Ana mwenzake, msichana wa Kizungu wa upande wa Fort Worth, mpole, anayenisalimia kwa Kiswahili kibovu kwenye simu. Mama yote hayo aliyajua kwa miaka, akayaweka pale ambapo watu wa kwetu huweka mambo kama hayo: hayasemwi, kwa hiyo hayapo. Mdogo wangu alikuwa anakuja Krismasi, anakula, anaosha vyombo, anarudi zake. Hakuna aliyeuliza kitu.

Mpaka mama mmoja wa jumuiya yetu akakipata kipande cha video ya mdogo wangu akiwa jukwaani. Akakituma kwenye kundi la jumuiya, palepale tunapotangaziana misiba na dagaa walioingia dukani. Chini yake akaandika, "Tumwombee binti yetu huyu," na vikatuni vya nyuso zinazocheka mpaka machozi. Sasa niambie, ni sala gani hiyo inayoanza na vikatuni vya kucheka? Nilitaka nimfuate mpaka mlangoni kwake. Mume wangu alificha funguo za gari, na nasema hapa kwamba alifanya vizuri.

Mama aliitazama ile video kwenye simu yangu. Kiingereza chake ni cha kliniki na cha dukani, hakuelewa neno. Alichokiona ni mwanawe amesimama peke yake kwenye mwanga mkali, na giza lote lililomzunguka linacheka. Akaniambia nirudishe nyuma. Akaitazama tena. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikokulia sisi, kulikuwa na mwanamke aliyechanganyikiwa akili, alikuwa akisimama mbele ya foleni ya maji na kuihutubia kama waziri. Watu wazima walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Watoto walimtupia maganda ya ndizi.

"Wanamcheka kama yule," mama alisema.

"Hapana, mama. Hiyo ndiyo kazi. Watu wanalipa ili wacheke."

"Mbaya zaidi. Wanalipa."

Jioni hiyo alimpigia mdogo wangu simu, akamwambia asije nyumbani. Hakumgombeza. Hakutaja wanawake, hakutaja kanisa. Alisema, "Usije mpaka uache kuchekwa." Mdogo wangu akanipigia mimi akilia, nami nikakaa na simu sikio moja na mtoto ziwa moja, nina hasira na kila mtu, na yeye mwenyewe pia, kwa sababu alinyamaza badala ya kujibu. Mtu anayelipwa kuzungumza!

Baada ya wiki kadhaa alinipigia akasema kuna shoo Houston, Jumapili jioni. "Ni showcase, dada. Wachekeshaji wengi kwa zamu, wa aina yetu watupu, wanaopenda kama mimi, kutoka Dallas na kutoka huko kwenu. Njoo. Nataka niwe na mtu mmoja wa damu yangu mle ndani."

Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye nepi. Mama alikuwa mlangoni na ungo.

"Na mimi nitaenda," alisema.

Nepi ilinitoka mkononi.

"Nitaenda nione kwa macho yangu," mama aliendelea. "Nikikuta wanamcheka mwanangu, basi, mtu asiniambie tena habari za ubatizo. Mtoto anayechekwa na watu hawezi kumshika mjukuu wangu juu ya maji. Nikikuta sivyo, nitaona."

Ndivyo ilivyokuwa. Ubatizo wa mtoto wangu ukawekwa mikononi mwa watu tusiowajua, waliokunywa bia.

Jumapili ile mume wangu alikuwa zamu, ghala lao liko Katy, kurudi kwake ni giza. Mtoto nilimpeleka kwa mama wa Kikongo wa nyumba ya chini. "Muache kwangu, nitamuchunga," aliniambia, "enda ucheke kidogo, uso wako umekauka." Nilimwachia chupa mbili. Maziwa mengine nilikwenda nayo kifuani, na anayenyonyesha ananielewa: ukichelewa kidogo tu, unaanza kugeuka jiwe.

Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vya kazini, vile vyeupe anavyovaa akienda kusafisha vyumba hotelini. Njiani alinikosoa nilivyoingia kwenye barabara kuu. Tulifika jua bado kali. Ukumbi ulikuwa kati ya duka la magodoro na sehemu ya kuuzia taco, vile vyapati vya Kimeksiko. Ndani giza, baridi ya friji, viti vya chuma, meza ndogo kama sahani. Msichana mwenye nywele za kijani akatuambia kila mtu lazima anunue vinywaji viwili. Mama akaomba chai. Ikaja chai ya barafu. Aliitazama ile barafu kama mtu aliyetukaniwa wazazi.

"Chai hii imekufa," alisema.

"Ndiyo yao, mama. Kunywa."

"Kunywa wewe."

Mimi niliwaangalia watu. Wengi vijana. Wavulana wawili wameshikana mikono mezani kama wanaogopa kupotezana. Mama mmoja Mwafrika-Mmarekani, mnene, amevaa nguo ya manjano, amekuja na rafiki zake na anacheka hata kabla mambo hayajaanza. Mzee wa Kizungu wa kofia kubwa ya Kiteksasi, peke yake, mikono kifuani. Na meza ya pembeni yetu, jamani, Wakenya. Wanawake watatu, mmoja bado na nguo za hospitali. Niliwasikia kabla sijawaona. Mama akawasikia pia, akajinyoosha kidogo, kama mtu anayejua anatazamwa.

Mchekeshaji wa kwanza alikuwa bibi wa Kizungu mwenye fimbo, mvi zote, aliwahi kuwa mwalimu wa michezo. Akaeleza jinsi alivyoingia nyumba ya wazee akiogopa kwamba atakuwa peke yake, kumbe wale mabibi waliokuwa wakikataa kucheza karata naye walikuwa wanamgombania. Watu walicheka. Mama akaniinamia.

"Na bibi huyu naye?"

"Naye, mama."

"Na umri wote huo?"

"Ndiyo, mama."

Mama akamtazama yule bibi kwa heshima, ile tunayompa mtu aliyefikisha miaka mingi bila kujali amefanya nini ndani yake. Halafu watu wakacheka tena, kwa nguvu, na nikaona mama ameshtuka. Aligeuza kichwa. Hakuweza kuona vizuri, watu wengi walikuwa nyuma yetu. Basi akainuka, akashika kiti chake cha chuma, akakigeuza. Miguu ya kiti ikapiga kelele sakafuni. Akaketi tena, magoti kwa watu, mgongo kwa jukwaa, pochi mapajani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Niache nifanye kazi."

Nikajua, na nilipojua nikachoka kabisa. Kambini wanawake walimchagua mama asimamie foleni ya mgao. Kazi yake ilikuwa kuligeuzia ghala mgongo na kuwatazama watu. "Ukitazama maharage unaibiwa," alikuwa anasema, "watazame wenyewe." Hata hapa Houston, kanisani, ni mmoja wa akina mama wa utepe, wale wanaokaa pembeni karibu na altare wakitazama waumini: nani anasinzia, nani ana simu, nani amekuja kulia kweli na nani amekuja kuonekana analia. Mama hajui kutazama kitu kingine watu wakikusanyika. Kwake, penye watu wengi cha kutazama ni watu.

Sasa fikiria. Umelipa, umekaa, unataka kucheka, na mbele yako kuna mama wa Kirundi aliyevaa kitenge, amekukazia macho kama hakimu. Wale wavulana wawili waliachiana mikono. Mwanamume mmoja akafunga kinywa katikati ya kicheko, sijui alidhani ni sehemu ya shoo. Akaja mchekeshaji wa pili, mwanamume wa Kimeksiko mwenye ndevu na gauni linalometameta. Naye hakuelewa kwa nini meza za mbele zinacheka kwa kuibaiba, kama wanafunzi mwalimu akiwa darasani. Nilitaka sakafu inimeze. Halafu nikakasirika kwa sababu nilitaka sakafu inimeze. Nimetafsiri kwa ajili ya mama tangu tufike Marekani, nikiwa bado msichana, kliniki, ofisi ya nyumba, benki, shuleni kwangu mwenyewe, na kila mara mimi ndiye nabeba aibu ya pande zote mbili. Kifua kilianza kuuma. Nikatazama simu. Mama wa Kikongo alikuwa ametuma picha ya mtoto amelala kinywa wazi.

Kisha wakamwita mdogo wangu.

Alipanda na suruali nyeusi iliyokunjamana kama imetoka kwenye chupa, na shati la mikono mirefu. Amekonda. Akashika kipaza sauti, akatabasamu, akatafuta meza yetu, akaona kitenge, akaona mgongo.

Sitasahau ule uso. Dakika ile alikuwa na umri wa mwanangu.

Wakati huo wale Wakenya walikuwa wanaongea wao kwa wao, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ametambulishwa kuwa ni wa Burundi kwa njia ya Tanzania.

"Ati huyu ni wa kwetu?"

"Aki huyu ni msichana wa nani?"

"Wacha tu. Mamake akijua, atakufa."

Nikawageukia. "Mamake ndiye huyu," nikawaambia kwa Kiswahili, "na hajafa."

Yule wa nguo za hospitali akaweka mkono mdomoni. "Woi! Pole sana, mum. Hatukujua. Pole kabisa."

Mama aliwatazama. Aliwaweka tu akilini.

Mdogo wangu akaanza. Kichekesho cha kwanza kilikuwa kuhusu meneja wake wa ghala. Nakijua, aliwahi kunijaribishia kwenye simu na nikacheka mpaka mtoto akaamka. Pale kilianguka. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, alikuwa anausemesha mgongo wa mama, na watu wanajua mtu akiogopa. Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Akaja na cha pili. Alitunga kwamba siku aliyomwambia mama anapenda wanawake, mama aliuliza, "Wote?" Hiki angalau yule mama wa nguo ya manjano alikicheka, lakini peke yake, na kicheko cha mtu mmoja ndani ya ukumbi ni kama mlango uliogongwa na upepo.

Kimya kile kilinitia wazimu. Nilitaka nisimame juu ya meza niwaambie: nyie mmekuja hapa mmejipaka marangi, mnajiita watu wake, na huyu ameendesha gari kutoka Dallas kwa ajili yenu, chekeni basi! Nilishika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma.

Mama akaniinamia. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mbona hawacheki?"

Nilikuwa nimekazia macho jukwaa.

"Nakuuliza wewe. Mbona hawacheki? Hasemi vizuri?"

"Anasema vizuri, mama. Anaogopa. Umempa mgongo."

Mama alirudisha macho kwa watu. Akawa anawatazama upya, meza moja baada ya nyingine, lakini sasa kama anawadai kitu. Hakugeuza kiti.

Mdogo wangu akavuta pumzi, ikasikika kwenye spika. Akaanza cha ng'ombe.

Alisema kwetu watu wakioana, upande wa mume unapeleka ng'ombe upande wa mke. Sasa yeye na mwenzake wote ni wanawake, nani apeleke kwa nani? Basi itabidi zipeleke familia zote mbili. Mama mkwe wa Fort Worth ataleta ng'ombe Houston. Na sisi, kwa kuwa ni wakimbizi na hatuna hata mbuzi, tutapumzika siku mbili halafu tumrudishie walewale. Ng'ombe hao watapanda na kushuka barabara ya I-45 maisha yao yote, wakikwama Conroe kwenye foleni ya magari, wanatazamana, wanaulizana, "Leo tunaolewa upande gani?"

Hapo watu walianza. Watu wa Teksasi unaweza kuwatania kwa chochote, lakini ng'ombe na I-45 wanavijua mwilini. Mdogo wangu akasimama sawasawa. Akaiacha ile sauti ya kuomba. Akasema kinachomuuma ni kimoja: kambini mama alikuwa anapiga magoti kila usiku kumwomba Mungu amjalie ukwe wenye ng'ombe. "Tumevuka mpaka. Tumevuka bahari. Tumefika Teksasi. Nimempata! Mama yake mpenzi wangu ana shamba, ana ng'ombe wa kweli, wenye pembe hizi!" Akatanua mikono mpaka ukutani. "Sala imejibiwa. Na mama hataki."

Ukumbi ulilipuka. Yule wa nguo ya manjano alimpiga rafiki yake begani. Wakenya walisahau kutazamana. Mmoja alikuwa amelaza paji la uso mezani.

Mama akanishika mkono. "Amesema nini?"

Ningeweza kumpunguzia. Miaka yote nimempunguzia mama maneno, ya daktari, ya mwenye nyumba. Sikuwa na nguvu hiyo tena.

"Amesema uliomba ukwe wenye ng'ombe, na mama wa mwenzake anao, na bado hutaki."

"Anao? Ng'ombe kweli?"

"Kweli."

"Wangapi?"

Aliuliza kwa sauti ya foleni ya mgao. Ile inayofika mpaka mtu wa mwisho. Ukumbi wote ukamsikia, na wote wakanyamaza, kwa sababu hawakujua kama ni ugomvi.

Mdogo wangu aliweka kiganja juu ya macho kuukinga mwanga. Kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili, akasema taratibu, "Mama?"

"Nauliza ni wangapi," mama alisema, bado amempa mgongo.

"Kama mia mbili, mama."

"Mia mbili!" Mikono yake ikapanda juu yenyewe, pochi ikaanguka.

Mdogo wangu akawatafsiria watu. Maneno machache tu: huyu ni mama yangu, ameuliza ni wangapi.

Sijawahi kusikia kelele ya namna ile hata siku za mpira kambini. Watu walipiga meza. Mtu alimwaga bia. Na wote, nyuso zote, zilikuwa zimemgeukia mama yangu. Damu ikanipanda. Nilisimama, nikachukua pochi yake sakafuni, nikasema twende, mama, twende, hawa hawatakucheka mimi nikiwepo. Nilikuwa tayari kumpiga mtu. Sikuwa nimechagua nani.

Mama alinivuta sketi nikakaa kwa nguvu.

"Tulia. Tazama macho yao."

"Nayatazama! Wanakucheka!"

"Huoni kitu wewe," alisema. "Mtu akikudharau anacheka huku anamtazama mwenzake. Wale wa pale," akaonyesha Wakenya kwa kidevu, "ndivyo walivyokuwa mwanzoni. Wakitazamana kwanza, halafu wanacheka. Yule kichaa wa kambini, sisi tulikuwa tunatazamana. Hawa wananitazama mimi. Na kabla ya hapo walikuwa wanamtazama yeye."

Sijui kama ni kweli. Wachekeshaji wangapi wamecheza mbele ya watu wanaowatazama usoni na kuwadharau vilevile? Lakini mama alishatoa hukumu, na si mimi wa kukata rufaa.

Hakugeuza kiti. Zamu yake ilikuwa haijaisha. Ila mdogo wangu sasa aliusemesha ule mgongo makusudi, "Mama, hiki usitafsiriwe," "Dada, mzibe masikio," na kila aliposema hivyo watu walimtazama mama, na mama alitikisa kichwa kwa uzito kama askofu. Alipomaliza walimpigia makofi wamesimama. Mama pia alisimama, akapiga makofi, akiwatazama wao, kama anawashukuru kwa kufika.

Nje jua lilikuwa linashuka na lami bado inachoma. Tulisubiri karibu na gari. Blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa pande zote mbili, nimejifunika pochi ya mama. Mdogo wangu alitoka mlango wa nyuma, akasimama mbali kidogo, funguo mkononi, kwa kuwa alikuwa anarudi DeSoto jioni ileile. Hakusogea. Alikuwa anangoja kuambiwa.

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. Kuanzia kichwani. Polepole. Alipofika kwenye miguu, akakunja uso.

"Ubatizo utakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema.

Mdogo wangu alinitazama mimi. Sikumsaidia.

"Gauni sina, mama," alisema. "Na sivai gauni."

"Nimekuambia gauni mimi? Njoo na suruali. Lakini ipige pasi! Umesimama mbele za watu wote wale na suruali kama kitambaa cha jikoni. Watu watasema huna mama."

Mdogo wangu akaanza kulia na kucheka pamoja, na mama akasema asimlilie, hajasema amekubali mambo mengine, hayo mengine hataki kuyasikia, asifikiri ng'ombe mia mbili wanabadilisha kitu. Yule mwenzake asije bado. Bado. Nilikasirika upya palepale, maegeshoni. Nilitaka kusema, mama, ukifungua mlango fungua wote. Mdogo wangu alinibana mkono. "Acha, dada," alisema, "nimepata pa kupita." Akatukumbatia, akaondoka.

Padri sijamwambia kitu. Aliniuliza kama mama wa ubatizo amepata kipaimara. Amepata. Kwenye kundi la jumuiya mama alituma ujumbe wa sauti, mfupi, kwamba mjukuu wake anabatizwa, mama wa ubatizo ni binti yake mdogo, na mwenye vikatuni vyake abaki navyo nyumbani. Kukawa kimya siku nzima. Halafu mtu akatangaza dagaa.

Lakini jioni ile, tukirudi, mama alikaa mbele na mikono mapajani, akitazama nje mpaka tukapita njia ya kutokea kwenda hospitali. Nilidhani analia. Niliogopa kumtazama kwa sababu ya malori.

"Yule mzee wa kofia," akasema ghafla.

"Yupi?"

"Yule wa peke yake. Mikono kifuani. Hakucheka hata kidogo. Mwanangu amesema mambo yote yale, hata meno hakuonyesha."

"Sijui, mama. Labda ndivyo alivyo."

"Alilipa kuja kufanya nini sasa?" Alikuwa amegeuka kwenye kiti, mkanda unamkaba shingo, ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyevaa kofia. "Mtu anasimama pale, anaeleza vizuri, na ng'ombe, na barabara, na wewe umekaa tu kama gunia. Ana shida gani yule?"

Nilikanyaga mafuta, maziwa yananitiririka mpaka kiunoni, na nikagundua kwamba na mimi nimemkasirikia sana yule mzee.